JEMADARI VON LETTOW-VORBECK NA GHARAMA YA VITA VYAKE

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870, katika mji wa Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kufika Afrika Mashariki alikuwa amekwisha kutumika China, na pia katika Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo huitwa Namibia. Mwezi wa Januari, 1914, alishuka Dar es Salaam kushika uongozi wa jeshi la Wadachi, lenye askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu wachache.

Mwezi wa Agosti vita vilianza. Jemadari huyu alijua ya kuwa hawezi kuishinda Uingereza. Shabaha yake ilikuwa moja tu: kuwashughulisha adui wengi huku Afrika ili wasipate kupelekwa Ulaya. Mwezi wa Novemba, 1914, jeshi la watu wapatao 8,000 lilitoka Bara Hindi kuiteka Tanga. Askari wake, wapatao 1,000, walilirudisha baharini, wakateka bunduki na risasi nyingi. Mwaka 1916 Jemadari Smuts aliingia kwa jeshi kubwa, na Wadachi wakawa wakirudi nyuma huku wakipigana. Novemba, 1917, walivuka mto Ruvuma wakaingia nchi ya Wareno. Hatimaye waliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, siku kumi na nne baada ya vita kusimama Ulaya.

Kwa sababu hiyo wengi wamemsifu kuwa jemadari asiyeshindwa. Lakini ni nani waliolipa gharama ya sifa hiyo? Porini hapakuwa na barabara, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Basi chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilikamata wapagazi na kutwaa nafaka vijijini. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Katika Ugogo njaa iliyoitwa Mtunya iliangamiza watu wengi. Majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametokana na kikosi cha wapagazi hao.

Kwao Ujerumani, Lettow-Vorbeck alishiriki mwaka 1920 katika jaribio la kuipindua serikali, akaondolewa jeshini. Mwaka 1953 alizuru Dar es Salaam, na askari wake wazee wakamlaki. Alifariki tarehe 9 Machi, 1964, na mwaka huo Ujerumani ya Magharibi ikakubali kuwalipa askari waliobaki hai, baada ya miaka zaidi ya arobaini.

Tangu hapo mitaa kadhaa ya Ujerumani iliyoitwa kwa jina lake imebadilishwa majina. Wapagazi, ambao wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana, wamebaki katika majina ya Kariakoo na Kariokor. Apitaye huko na awakumbuke.