Springi ya Mlango wa Gereji Inapofika Mwisho Wake

Ndugu askari, gari la dharura laweza kuwa na mafuta tele, magurudumu mapya na dereva aliye tayari, lisiweze kutoka kwa sababu mlango wa gereji umegoma. Kwa hiyo tumeonelea leo tuuzungumzie mlango wa vipande unaopanda juu kwa reli, uliobuniwa na C. G. Johnson huko Marekani mwaka 1921; mota yake ya umeme ilifuata mwaka 1926.

Wengi hudhani kwamba mota ndiyo inayobeba mlango. Sivyo. Mlango wa chuma wenye upana wa magari mawili huweza kuzidi kilo 70, na uzito huo huchukuliwa na springi zilizokazwa juu ya mhimili. Springi ya kawaida hutengenezwa istahimili kufunguliwa na kufungwa kwa mlango kama mara 10,000. Nyumbani, mlango ukifunguliwa mara 4 kwa siku, hiyo ni karibu miaka 7. Katika kituo ambacho hufunguliwa mara 40, springi hiyo hiyo humaliza umri wake kwa siku 250. Basi anayehesabu kwa miaka hujidanganya. Kutu nayo huupunguza umri huo.

Springi ikikatika hutoa kishindo kama cha bunduki, na zamu nzima huruka. Kicheko huja baadaye. Pengo huonekana katikati ya misokoto. Hapo mota isiwashwe, maana haikuundwa kuuinua uzito ule peke yake. Ziwapo springi mbili, zibadilishwe zote pamoja, kwa kuwa zimefanya kazi sawasawa.

Nyaya za pembeni zikaguliwe hasa upande wa chini, penye unyevu. Nyuzi zikianza kuchanika, hakuna cha kungoja. Magurudumu madogo yanayotetereka na bawaba zenye ufa nazo hubadilishwa. Mpira wa chini ukiliwa na jua huingiza maji na panya tu. Mafuta hutiwa kwenye springi, bawaba na beringi. Reli hupanguswa zikaachwa kavu, maana grisi hukusanya vumbi.

Kila mwezi, mlango ukiwa umefungwa, mota itenganishwe nao, kisha uinuliwe kwa mkono hadi nusu. Ukitulia hapo, springi ni nzima. Ukishuka wenyewe, zimechoka.

Tunalolihofia zaidi ni askari hodari anayeshika bisibisi akaenda kuilegeza springi. Springi iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono, hata kuua. Fundi aliyefunzwa hutumia nondo mbili zinazoenea barabara katika matundu yake, akiitoa moja pale tu nyingine inaposhika. Vishikio vya chini vilivyofungiwa nyaya navyo vimevutwa kwa nguvu hiyo hiyo; asiyefunzwa asilegeze hapo hata bolti moja.