Mchicha wa Darasa la Nne

Mtoto aliyechelewa namba akapewa jembe kama adhabu hawezi kuipenda mboga itakayoota kwenye tuta lile. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na hayo niliyashuhudia shule niliyoanzia kazi: wachelewaji walilima, mchicha ukauzwa, watoto wakaendelea kula makande matupu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga na waone faida ya jasho lao. Hilo la pili wengi tuliliacha njiani.

Darasa langu la nne lina matuta yake, na wenyewe ndio wanaochagua cha kupanda. Mimi hushauri waanze na mchicha, maana mtoto hana subira nao haucheleweshi: baada ya wiki 3 au 4 unavunwa. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo tunazichanganya na mchanga mkavu zisije zikarundikana. Miche ikibanana tunaipunguza, na iliyong'olewa inaingia sufuriani siku hiyohiyo. Mavuno yenyewe hukatwa kwa kisu, shina likaachwa lichipue tena. Anayeling'oa kwa haraka hukemewa na wenzake kabla mimi sijafika.

Kuchambua na kuosha ni kazi yao pia. Mama mpishi anautia mchicha kwenye makande mwishoni, pamoja na tui la nazi. Tui si la utamu tu: mwili unahitaji mafuta ili ufyonze vitamini A itokanayo na majani. Ndimu nayo husaidia kufyonza madini ya chuma ya maharage na mboga.

Mnavu una shughuli yake. Watoto huuhisi uchungu wake zaidi kuliko watu wazima, kwa hiyo anayekunja uso hadeki. Huenda akahitaji kuonja mara 8 hadi 15 ndipo akubali. Mzazi anayejaribu mara mbili kisha akasema "huyu hali majani" amekata tamaa mapema mno. Simlazimishi mtu amalize; naomba aonje kidogo, basi. Ila aliyeumwagilia mnavu huo asubuhi na kuunyunyizia majivu dhidi ya vidukari huonja bila kuombwa, kisha anamwambia jirani yake, "Huu wetu."

Kiangazi hutubana. Maji ya kuoshea mboga tunayamwaga kwenye magunia ya udongo na samadi tulimopanda matembele. Wakati wa likizo wazazi wa jirani hugawana zamu za kumwagilia, na mwenye zamu huchuma mboga ya nyumbani kwake. Wengine sasa wanakuja kuomba mbegu. Tunayaacha mashina machache yakomae kwa ajili yao. Shina moja la mchicha hutoa mbegu maelfu.