Upungufu wa damu kwa watoto: Chakula pekee hakitoshi Shinyanga, Geita

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

ZAIDI ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi 59 wana upungufu wa damu, na katika mikoa ya Shinyanga na Geita tatizo hilo haliwezi kumalizwa kwa chakula pekee.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulibaini kuwa asilimia 72 ya watoto wa umri huo walikuwa na tatizo hilo. Mwaka 2010 kiwango kilishuka hadi asilimia 59, lakini mwaka 2015-16 kilikuwa asilimia 58, ikimaanisha kuwa kasi ya kupungua ilikwama.

Katika tafiti hizo, mtoto alihesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo himoglobini yake ilikuwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Inaposhuka chini ya gramu 7, maisha yake huwa hatarini.

Chanzo kimojawapo ni lishe. Baada ya miezi sita maziwa ya mama hayatoshelezi madini ya chuma, ilhali watoto wengi hupewa uji mtupu wa mahindi, viazi au muhogo, vyakula vyenye chuma kidogo. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani huziba pengo hilo.

Hata hivyo, mtoto anayekula vizuri bado anaweza kupungukiwa damu kwa sababu ya malaria, ambayo vimelea vyake hupasua chembe nyekundu. Mwaka 2022 maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa asilimia 16 mkoani Shinyanga, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Mkoani Geita, mwaka 2017, yalikuwa asilimia 17.

Katika ukanda wa dhahabu, mashimo yanayoachwa na wachimbaji wadogo hujaa maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu. Aidha, minyoo ya safura hunyonya damu tumboni, na kichocho huenea kando ya Ziwa Victoria.

Kwa sababu hiyo, mzazi hashauriwi kumpa mtoto vidonge vya chuma bila ushauri wa mtaalamu. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa, penye malaria nyingi, watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kulazwa au kufariki dunia.

Kinachotakiwa ni kinga na lishe kwenda pamoja: chandarua chenye dawa kila usiku, dawa za minyoo kila baada ya miezi sita kuanzia umri wa mwaka mmoja, na kipimo cha malaria mara homa inapoanza.

Mzazi akiona viganja au ndani ya kope za mtoto pamekuwa peupe, ampeleke kituo cha afya. Iwapo mtoto anahema kwa kasi au amelegea, asisubiri kesho, kwani huenda akahitaji kuongezewa damu.