Bunduki Yenye Darubini Iliyokaa Upande

Mtu akiwa na bunduki ya kuwindia yenye darubini juu yake, akalenga kwa utulivu, na risasi zake zikaenda kando siku zote upande ule ule, watu husema maneno mengi. Mmoja husema mkono wake umezeeka. Mwingine husema risasi zake zimelala mno dukani. Wa tatu husema jirani ameiharibu dawa yake ya uwindaji. Sisi hatutaki kubishana na mtu juu ya dawa yake, lakini yafaa kwanza akague kikalio cha darubini, yaani vyuma vilivyofungwa juu ya bunduki pamoja na pete mbili zinazoikamata darubini hiyo. Mara nyingi ubaya wote umo humo, na huondoka kwa bisibisi na saburi.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Shinyanga na Geita. Katika misitu ya Kigosi, upande wa Bukombe, walina asali huingia porini na mizinga yao, na wachungaji hupita kandokando na ng'ombe. Mbogo aliyepigwa barabara huanguka hapo hapo, na habari yake imekwisha. Lakini mbogo aliyelengwa begani akapigwa tumboni huenda akalala kichakani mpaka kesho, naye atakayekutana naye asubuhi si yule mwenye bunduki. Ni mlina asali aliyechukua kienge na kamba tu. Kwa hiyo mtu mwenye kibali chake cha silaha kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yake ya kuwinda kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, asidhani ya kuwa amekwisha timiza wajibu wake wote kwa kuwa karatasi zake ni safi.

Tazama jinsi kosa dogo linavyokua. Pete mbili za darubini huachana kadiri ya inchi 5. Yadi 100 ni inchi 3,600. Ikiwa pete ya nyuma imesogea kando kwa unene wa karatasi moja tu ya daftari la shule, ambao ni kama sehemu 4 katika elfu za inchi moja, basi kwa yadi 100 risasi itakwenda kando karibu inchi 3. Kwa yadi 200 itakuwa karibu inchi 6. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii ubaoni: gawanya 3,600 kwa 5, kisha zidisha kwa unene wa karatasi. Karatasi mbili ni inchi 6 kwa yadi 100, na karatasi tatu ni kama inchi 9, nayo yatosha kumkosa mbawala kabisa au, vibaya zaidi, kutomkosa kabisa.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia vile vifundo viwili vilivyo juu na ubavuni mwa darubini, wakavizungusha mpaka vinagoma. Vifundo hivyo viliwekwa kwa ajili ya kusahihisha kosa dogo la mwisho, si kwa kunyosha chuma kilichokaa upande. Vikifika mwisho wa mwendo wake hakuna tena nafasi ya kurekebisha, na ndani ya darubini springi hukosa nguvu ya kushika vioo mahali pake, hata leo risasi ziwe hapa na kesho kule.

Mafundi wa karasha huko Geita wanalijua jambo hili vizuri kuliko wawindaji wengi. Injini ikifungwa juu ya msingi uliopinda, mkanda hutoka kwenye puli kila mara. Fundi mjinga hukaza boliti zaidi, na shafti hupinda. Fundi hodari hulegeza kila kitu, hupiga uzi kutoka puli hii hata ile, huweka bati jembamba chini ya mguu ulio chini, ndipo akaza. Darubini nayo ni hivyo hivyo. Pete zisipotazamana, ukazikaza kwa nguvu, bomba la darubini hupinda au hupata makovu, na ni kitu cha thamani kubwa.

Sasa twaeleza namna ya kupima. Kabla ya yote, toa risasi zote, uzipeleke chumba kingine. Fungua komeo, tazama kwa jicho na ukague kwa kidole ya kuwa hamna kitu ndani ya kasiba. Maneno haya yamekwisha semwa mara nyingi, lakini watu wanaouawa na bunduki “tupu” hawajaisha.

Kisha rudisha vifundo katikati. Zungusha kimoja mpaka mwisho wa upande mmoja, halafu urudi mpaka mwisho wa pili huku ukihesabu ile milio midogo. Tukisema milio yote ni 240, basi rudisha 120. Fanya hivyo kwa kifundo cha pili pia. Ikiwa bunduki yako ni ya komeo, litoe komeo lote, uilaze bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga isitikisike. Bandika kitambaa cheupe juu ya kichuguu kilicho mbali yadi 50. Chungulia ndani ya kasiba kutoka nyuma, usogeze bunduki mpaka kitambaa kiwe katikati ya tundu. Sasa, bila kuigusa bunduki hata kidogo, inua jicho utazame katika darubini. Msalaba wa nyuzi uko wapi?

Ukiwa karibu na kitambaa, kikalio hakina neno, na vifundo vitatosha kumaliza kazi. Lakini ukiwa inchi 10 kushoto mwa kitambaa, jua ya kuwa darubini inatazama kushoto na kasiba inatazama kwingine. Ukilenga kwa msalaba huo risasi zitaenda kulia. Inchi 10 kwa yadi 50 ni inchi 20 kwa yadi 100, yaani karatasi saba hivi. Hapo usiguse kifundo. Fungua.

Ondoa darubini, ondoa pete, ondoa kikalio. Futa mafuta, vumbi na kutu chini yake. Chembe moja ya mchanga wa barabarani ni nene kuliko zile karatasi tulizohesabu. Angalia kama kikalio cha mbele na cha nyuma havikubadilishwa, maana mara nyingi havilingani kimo. Rudisha kikalio, ukaze skrubu zake, kisha weka nusu za chini za pete na uilaze darubini juu yake bila vifuniko. Inapasa ilale kama mtoto mgongoni, bila kucheza na bila kulazimishwa. Ikicheza, au mwanga ukionekana chini yake upande mmoja, pete hazitazamani. Vikalio vingine vina skrubu mbili za ubavuni kwa nyuma. Legeza moja, kaza ya pili, na pete husogea kushoto au kulia. Hiyo ndiyo njia njema, wala usitumie darubini kama mtaimbo wa kuzungushia pete ngumu.

Kosa likiwa la juu na chini, kipande cha bati la kopo la soda, lililokatwa vizuri na kutobolewa, huwekwa chini ya kikalio, si ndani ya pete. Lakini ikiwa matundu ya skrubu yenyewe yalitobolewa upande, au pete zataka kusagwa kwa unga wa kusagia, kazi hiyo ni ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Nyundo na jiwe havina kazi hapa, ingawa tumesikia habari za wanaovitumia.

Kabla ya kukaza vifuniko, tundika timazi kwa uzi mweupe mbali yadi 50, simamisha bunduki wima, na uzungushe darubini mpaka unyuzi wa wima ulale juu ya uzi wa timazi. Msalaba uliolala upande huweza kuwa sawa kwa yadi 100 na kukosa kwa yadi 200, na mwenyewe akalaumu upepo. Kisha kaza skrubu kidogo kidogo, moja ya kushoto, moja ya kulia, mapengo ya pande mbili yawe sawa, kwa nguvu za vidole tu.

Jaribio la risasi lifanywe mahali palipoidhinishwa, juu ya mifuko ya mchanga, kwanza kwa yadi 25. Piga risasi tatu, utafute katikati yake. Usizungushe kifundo kwa sababu ya risasi moja. Darubini nyingi husogeza robo inchi kwa kila mlio kwa yadi 100, na kwa yadi 25 robo ya hiyo tu, basi inchi 1 hapo yataka milio 16. Halafu nenda yadi 100 ukapige tatu tena.

Mwisho, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha kila skrubu hata kwenye chuma kilicho kando yake. Safari ya pikipiki kutoka Kahama mpaka Ushirombo hulegeza vitu vingi. Ukifika utazame mistari: ikiwa imeachana, kaza skrubu, kisha piga tena risasi tatu za kujaribia kabla ya kuingia porini.