Kabla Hujauza i5 Ununue i7

Swali hunijia kwa sura tatu. "Fundi, hii yangu ni i3, nibadilishie iwe i7, utanifanyia shilingi ngapi?" La pili: "Nina i5, nikiongeza hela nikachukua i7, si itakuwa nyepesi?" La tatu ndilo linaloniuma, maana huja wakati hela imeshatoka: "Nimenunua i7, mbona bado nzito?"

Hilo la tatu lililetwa juzi na binti anayesomea uuguzi. Alikuwa na laptopu yenye i5-8250U, imechubuka kona moja lakini nzima. Akaiuza, akajumlisha na boom lake, yaani hela ya mkopo wa masomo, akapata i7 ya mtumba inayong'aa kutoka Kariakoo. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikasoma jina la prosesa: i7-7500U. Alikuwa ametoa pesa ili arudi nyuma. Na muuzaji wala hakusema uongo, ile ni i7 kweli. Kilichomponza ni imani ambayo nimeichoka: kwamba i3 ni ndogo, i5 ni ya kati, i7 ni kubwa, na kwamba hesabu inaishia hapo.

Namba inayofuata herufi i haihesabu kitu chochote. i7 haina viini (cores) saba, i5 haina vitano, i3 haina vitatu. Intel huitumia kupanga madaraja ya prosesa za kizazi kimoja, basi. Mtoto wa kwanza wa darasa la tano na kijana wa kumi wa kidato cha nne hawafanyi mtihani mmoja. Ukiambiwa "huyu ni wa kwanza", hujaambiwa lolote mpaka uulize ni wa darasa gani.

Darasa limeandikwa palepale kwenye jina, baada ya kistari. i7-7500U ni kizazi cha saba, ilitoka mwaka 2016. i5-8250U ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Kuanzia kizazi cha kumi unasoma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Sasa tazama biashara aliyofanya yule binti. i7 aliyonunua ina viini viwili, vinavyoshika nyuzi nne za kazi kwa wakati mmoja. i5 aliyoiuza ina viini vinne na nyuzi nane. Zote mbili zimepangiwa wati 15. Ndani ya mwaka mmoja Intel iliongeza viini maradufu kwenye laptopu nyembamba, na stika za nje zikabaki na namba zilezile. Hasara yake haikuishia hapo. Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, inaikubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane, na Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ile i5 iliyochubuka ilikuwa inavuka mstari huo. i7 inayong'aa haivuki.

Wengine hunijibu, "Sawa, lakini kizazi kikiwa kimoja, i7 si ndiyo bora?" Ni bora, ila pima ubora wenyewe. i7-7500U na i5-7200U ni za kizazi kimoja na zote zina viini viwili na nyuzi nne. Kasi ya juu ya i7 ni 3.5 GHz, ya i5 ni 3.1. Tofauti ni kama asilimia 13, na utaipata pale tu feni ni safi na joto liko chini. Kwa mtu anayeandika ripoti na kufungua barua pepe, asilimia hizo hazionekani kwa macho. Bei uliyoongeza inaonekana.

Herufi ya mwisho ina uzito kuliko hiyo saba inayosifiwa. U ni prosesa ya kubana umeme; H na HQ ni za kazi nzito. i7-7700HQ nayo ni i7 ya kizazi cha saba, lakini imepangiwa wati 45, ina viini vinne na nyuzi nane. Laptopu mbili zinaweza kukaa kaunta moja, stika moja, kizazi kimoja, na moja ikawa na viini mara mbili ya mwenzake. Kisha geuza upande wa pili: i3-1215U ya mwaka 2022 ina viini sita, viwili vya nguvu na vinne vya kuokoa umeme. Ni i3, na inaiacha mbali ile i7 ya binti. Intel wenyewe waliitupa herufi i walipoleta Core Ultra Desemba 2023. Na wa AMD msijione mmepona: Ryzen 5 7520U ya mwaka 2022, yenye saba mbele kabisa, imejengwa kwa muundo wa Zen 2 uliotoka 2019. Uliza jina zima la prosesa, tarakimu zote na herufi zote. Muuzaji asipotaka kuwasha mashine ulisome mwenyewe, usinunue.

Sasa hilo la kubadilisha i3 iwe i7 ndani ya laptopu ileile. Kwa karibu kila laptopu inayowekwa mezani kwangu, jibu ni hapana. Zamani ilikuwa ndiyo. ThinkPad T430, T440p, Dell Latitude E6430 na HP EliteBook 8470p zina soketi. Unalegeza skrubu, unatoa prosesa, unaweka nyingine inayokubaliwa na BIOS. Hizo ni laptopu za mwaka 2012 na 2013, na hata ukizipandisha hazitafika kizazi cha nane. Baada ya hapo, ukiacha mashine chache kubwa za michezo, prosesa ya laptopu hulehemewa moja kwa moja kwenye bodi. i5-8250U ni kipande cha milimita 42 kwa 24, na chini yake kuna nukta 1,356 za lehemu. Kuing'oa kunataka joto linalozidi nyuzi 217 bila kuunguza vipuri vya jirani, kisha kuirudishia mpya nukta zote zikae sawasawa, kisha kuomba BIOS iitambue. Mafundi wenye mashine ya kazi hiyo wapo, nami nawaheshimu. Lakini gharama yao ukijumlisha na hatari ya kuua bodi nzima, afadhali ununue laptopu nyingine. Anayekuahidi kwamba ukiacha i3 asubuhi utachukua i7 jioni anakubadilishia stika.

Kuna dawa nyingine inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nami nimewasihi watu waiache mpaka sauti imekauka. Andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, weka alama kwenye Number of processors, chagua namba kubwa, "viini vyote vitaamka." Havikuwa vimelala. Windows hutumia viini vyote tangu inapowaka. Kile kisanduku kiliwekwa kwa ajili ya kuvipunguza, ili mtaalamu anayetafuta hitilafu aijaribu mashine kwa viini vichache. Ukichagua namba ya juu kabisa hujaongeza kitu. Ukikosea umejipunguzia. Jirani yake, Maximum memory, ni hatari zaidi: nimepokea laptopu ya RAM ya GB 8 inayofanya kazi kwa GB 2 kwa sababu mwenyewe alifuata maelekezo ya video. Ondoa alama zote mbili, washa upya.

Mara nyingi uzito unaoulalamikia hauko kwenye prosesa kabisa. Uko kwenye diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili dogo linapotafutwa, kichwa cha kusomea kinahama na sahani inasubiriwa ifike. Milisekunde kumi hupita kirahisi. Kwa prosesa ya 2 GHz, hiyo ni midundo milioni 20 ya kukaa bure. Weka i7, itasubiri vilevile.

Kwa hiyo fungua Task Manager wakati mashine imelemewa na kazi yako halisi. Diski iko asilimia 100? Nunua SSD, hata ya GB 256. Ya SATA husoma kama MB 500 kwa sekunde, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu. RAM imejaa? Ongeza ifike GB 8, au 16 ukifungua kurasa nyingi, ila kwanza hakikisha ina nafasi, kwa kuwa nyembamba nyingi RAM imelehemewa pia. Prosesa inaanza vizuri kisha inaanguka chini ya 1 GHz, na mwili unachoma? Safisha feni, badilisha pesti ya joto iliyo juu ya prosesa. Diski na RAM zimetulia lakini prosesa iko 100 kwa dakika kadhaa, kwa sababu unakata video au unachora majengo? Hapo ndipo prosesa ni shida yako kweli. Uza, nunua mashine nyingine ya kizazi cha nane au zaidi yenye H mwishoni, iwashe dukani kwa dakika 20 kabla ya kulipa. Na kabla ya lolote kati ya hayo, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje.

Binti wa uuguzi tulimwekea SSD na Linux Mint, ili asibaki kwenye Windows isiyopata marekebisho ya usalama. Sasa inawaka upesi na notisi zake zinafunguka. Aliniuliza kama anaweza kuirudisha ile i5. Tulipiga simu tukiwa pamoja. Aliyeinunua alikuwa ameshaiuza Morogoro.