Tarehe 17 Januari

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 17 Januari hakuna masomo. Ni sikukuu ya taifa, na watu wanamkumbuka Patrice Lumumba. Lakini ukimwuliza mtu mzima wa Goma juu ya tarehe hiyo, huenda akaanza kukusimulia habari za mlima wa moto kabla hajamtaja Lumumba. Siku ni moja ya kalenda, na mambo yaliyomo ni mawili, tena hayana undugu. Namna gani tarehe moja hubeba mambo yasiyojuana?

Tuanze na Lumumba. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Onalua, nchi ya Sankuru. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, yeye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza, na Joseph Kasavubu alikuwa Rais. Amani haikudumu hata majuma mawili. Askari waliasi, Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe, na mwezi wa Septemba Rais akamwondoa Lumumba kazini. Mwezi wa Desemba alikamatwa, akafungwa katika kambi ya askari ya Thysville, mji unaoitwa sasa Mbanza-Ngungu.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Januari 1961, alitolewa kambini pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipandishwa ndege, wakapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mikononi mwa adui zao. Ndani ya ndege walipigwa vibaya. Usiku ule ule, kabla ya saa nne, wote watatu walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji.

Kesho yake raia hawakuambiwa neno. Majuma yakapita. Watu waliuliza Lumumba yuko wapi, wasipate jibu. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba amekufa: eti alitoroka kifungoni, na watu wa kijiji wakamwua. Huo ulikuwa uongo. Toka kifo mpaka tangazo zilipita siku 27. Kama dunia ingalisadiki tangazo lile, leo vitabu vyote vingeandika kwamba Lumumba alikufa mwezi wa Februari, na wauaji wangekuwa wanakijiji wasio na kosa.

Lakini mwaka ule ule wa 1961, tume ya Umoja wa Mataifa ilichunguza habari, ikaona kwamba yaelekea waliuawa siku ile ile ya 17 Januari. Baadaye mashahidi walisema, na barua za siri zilifunguliwa. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba Wabelgiji fulani wa serikali walikuwa na lawama katika kifo hicho, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Basi tarehe hiyo haikupatikana bure. Ilifichwa kama mtu anavyoficha kitu cha wizi, nao watafutaji wakaifukua.

(Sikukuu ya tarehe 16, siku moja kabla, ni ya Laurent-Désiré Kabila, Rais aliyepigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Kifo chake nacho kilitangazwa rasmi tarehe 18 tu.)

Sasa habari ya Goma. Ukitoka Kayna kuelekea kusini, njia kubwa inapita Kanyabayonga, inashuka mteremko wa Kabasha mpaka uwanda wa Rwindi, inafika Rutshuru, halafu inapita chini ya milima ya moto mpaka Goma. Mmoja wa milima hiyo ni Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470. Ndani ya shimo lake mara nyingi kuna ziwa la mawe yaliyoyeyuka, yaani lava, na usiku mawingu ya juu yake huwa mekundu. Kilele chake hakifiki kilometa 20 kutoka mjini.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, asubuhi, ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka. Lava haikumwagika juu ukingoni kama maziwa yanayofurika sufuria. Ilitoka chini, katika nyufa zilizofunguka ardhini moja baada ya nyingine, kila mara karibu zaidi na mji. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kupita lava ya milima mingi, kwa hiyo hutiririka upesi. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikateketeza maduka, na nyumba za mbao, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, mwishowe ikaingia katika ziwa Kivu na kutoa mvuke mwingi. Watu kwa malaki walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka mpaka Gisenyi katika Rwanda, wakibeba magodoro, masufuria na watoto. Wengi walikufa. Zaidi ya watu 100,000 hawakuwa na nyumba tena. Baada ya siku chache tu walianza kurudi, wakitembea juu ya lava iliyokuwa bado na joto, kila mmoja akitafuta mahali ulipokuwa mlango wake.

Mtu akisikia habari hizi mbili pamoja, huenda akasema: tarehe hii ina mkosi. Na akitafuta zaidi ataogopa zaidi, maana tarehe 17 Januari 1994 nchi ilitetemeka kule California, Marekani, na tarehe 17 Januari 1995 ilitetemeka Kobe, Japani, ambako watu zaidi ya 6,000 walikufa. Je, ni mkosi?

Jibu linapatikana kwa hesabu. Mwaka una siku 365, au 366 kila mwaka mrefu. Chukua mambo 1,000 makubwa yaliyotokea duniani, uyaandike katika kalenda moja ya ukutani: kila siku itapata karibu mambo matatu, ijapokuwa hakuna aliyeyapanga. Darasa lenyewe laweza kuonyesha jambo hili. Kila mwanafunzi na aandike ubaoni siku na mwezi wa kuzaliwa kwake, bila mwaka. Wakiwa wanafunzi 23 tu, yaelekea kidogo zaidi ya nusu kwamba wawili watakutana. Wakiwa 50, madarasa 97 katika kila 100 yatakuwa na watu wawili wa siku moja. Wala hakuna atakayesema kwamba watoto hao wawili walipatana kabla ya kuzaliwa.

Tena anayetafuta mkosi huokota mabaya na kuyaacha mengine chini. Tarehe 17 Januari ni siku ya Mtakatifu Antoni wa Misri, baba wa wamonaki, aliyekufa mwaka 356. Ni siku aliyozaliwa Benjamin Franklin pia, mwaka 1706 katika mji wa Boston, yule aliyetunga fimbo ya chuma inayolinda nyumba na radi. Katika milima yetu, penye radi nyingi, huyo anastahili kutajwa.

Lakini kuna la ajabu: Franklin alipozaliwa, kalenda ya nyumbani kwao haikuonyesha tarehe 17. Ilionyesha tarehe 6. Waingereza walikuwa bado wanafuata kalenda ya zamani ya Yulio Kaisari, iliyokuwa imechelewa nyuma ya jua. Papa Gregori wa XIII alikuwa ameisahihisha mwaka 1582, na mwaka huo tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15. Waingereza walikubali mwaka 1752 tu, wakaruka siku 11. Na habari ya Kobe ni ya namna hiyo. Nchi ilipotetemeka kule, ilikuwa alfajiri ya tarehe 17, lakini saa ile ile katika Kivu ilikuwa bado usiku wa tarehe 16, karibu saa tano. Mkosi gani huo unaobadilika kwa kuvuka bahari?

Hatari ya kuamini siku mbaya ni kwamba mtu hutazama kalenda asitazame mlima. Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, ukapasuka tarehe 17 Januari 2002, ukapasuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Aliyekaa macho mwezi wa Januari peke yake, Mei ilimkuta amelala. Kabla ya moto wa 2002, wachunguzi wa Goma walikuwa wameona dalili kwa miezi: nchi kutetemeka mara kwa mara, moshi na joto katika nyufa. Dalili hizo ndizo za kupimwa.

Hata hivyo si tarehe zote zinazokutana zenyewe. Nyingine watu huzikutanisha kwa makusudi. Wauaji wa Lumumba waliuharibu mwili wake ili asipate kaburi, na ofisa mmoja wa Kibelgiji akachukua jino lake, akaenda nalo kwao. Tarehe 20 Juni 2022, huko Brussels, jino hilo lilirudishwa kwa watoto wa Lumumba. Lilisafirishwa ndani ya jeneza, likapitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani, na Lubumbashi karibu na mahali alipouawa. Lilizikwa Kinshasa, na siku iliyochaguliwa kwa maziko ilikuwa tarehe 30 Juni.