Benki Inahesabu Tarehe, Katonga Inahesabu Giza

Afisa mikopo wa benki binafsi anapopangiwa Kigoma huja na lengo lake la mwezi mkononi, limepangwa makao makuu Dar es Salaam: wateja wapya kadhaa, kiasi fulani cha mikopo, marejesho yasiyochelewa. Kazi yenyewe huanza kuijua siku anaposhuka mwalo wa Katonga asubuhi, mitumbwi ikiingia na dagaa wakipimwa kwa ndoo. Mteja anayemtafuta hana hati ya mshahara wala daftari la mahesabu. Ana injini ya mtumbwi, nyavu, taa na vijana wa kuvua, na mara nyingi ana deni la mafuta kwa mwenye duka.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa ndiyo inayowavuta juu, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kuwa mpevu mitumbwi hupandishwa, nyavu hushonwa, na fedha hukauka mwaloni hadi giza lirudi. Kila mtoto wa Katonga anajua hilo. Ratiba ya marejesho hailijui, kwa sababu imechapwa na kompyuta inayotaka kiasi kilekile, tarehe ileile, kila mwezi.

Chukua mwaka 2024. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Januari. Hadi Desemba ulikuwa umesogea mpaka tarehe 15, maana mwezi mwandamo una siku 29 na nusu tu. Mvuvi aliyepangiwa kulipa kila tarehe 25 alidaiwa Januari mitumbwi ikiwa imelala, lakini Desemba alidaiwa giza likiwa limeshaanza kuleta dagaa. Mtu ni yuleyule, nyavu ni zilezile. Kwenye kompyuta ya tawi, Januari anaonekana mdaiwa mbaya na Desemba mdaiwa mzuri.

Hapo ndipo afisa mikopo hupata taabu. Malipo yakichelewa, simu ya kwanza hutoka kwa meneja wa tawi. Yakizidi kuchelewa, jina la mteja linaingia kwenye mikopo chechefu, na doa hilo linamfuata afisa hadi siku ya kupimwa utendaji wake. Basi anapanda bodaboda kwenda kudai. Pengine anayemdai ni mama mnunuzi wa dagaa, umri wa mama yake mzazi. Anaanza na shikamoo, anaitikiwa marahaba mwanangu, anapewa kigoda, na baada ya hapo ndipo atamke deni. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo. Jioni atakutana tena na mama huyohuyo sokoni Mwanga, na hata akiulizwa na ndugu zake hawezi kusema lolote, kwa kuwa siri ya mteja ni sharti la kazi.

Kwenye dirisha la tawi kuna mambo mengine. Asubuhi ya giza zuri noti huja zimelowana, zimeshikana, zina harufu ya samaki, na keshia lazima azitenganishe moja moja huku foleni ikiongezeka. Jioni hesabu ikigoma, hiyo ni shoti, na mara nyingi shoti hulipwa na keshia mwenyewe.

Juu ya hayo, hapa ni mpakani. Faranga za Burundi na za Kongo hupita pamoja na dola na shilingi, na kubadili fedha hapa si jambo jipya. Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, alikuta soko likitumia shanga ziitwazo sofi. Walikuwapo watu waliowabadilishia wanunuzi shanga soko likifunguliwa, kisha wakazinunua tena kutoka kwa wauzaji soko likifungwa, wakipata faida mara zote mbili. Ujiji ilikuwa na wabadili fedha kabla haijawa na benki hata moja.

Benki zilizokuja baadaye zilitaifishwa mwaka 1967, na sheria ya 1991 ikafungua tena mlango kwa benki binafsi. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996. NBC iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2005 serikali ikauza asilimia 49 ya hisa za NMB iliyozaliwa hapo kwa kundi lililoongozwa na Rabobank. Tangu miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2013, wakala wa benki naye amesogeza huduma karibu na mvuvi. Shida ya wakala ni floti, yaani fedha anayozungusha: asubuhi ya giza wanunuzi wote wanataka taslimu kwa saa ileile.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 15 Mei 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi 3 hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mimi naunga mkono kupumzisha ziwa. Lakini mkopo usiposogezwa, mvuvi anaachiwa deni la miezi 3 asiyokuwa na ruhusa ya kuvua, na afisa mikopo anatumwa kumdai fedha ambazo serikali yenyewe imemzuia kuzitafuta.

Benki zetu zimekwisha kujifunza kumngoja mkulima avune ndipo alipe. Mvuvi wa dagaa anaomba muda mfupi kuliko huo: tarehe ya marejesho ifuate giza, na tawi la Kigoma lipewe mamlaka ya kuipanga bila kungoja idhini ya Dar es Salaam. Maafisa wazuri hujaribu kufanya hivyo kwa hila ndogondogo, wakimshauri mteja aweke akiba usiku wa neema ili tarehe imkute na kitu. Kisha, baada ya miaka michache, barua ya uhamisho inafika. Afisa anakwenda Mbeya au Tanga na ujuzi wake wote wa ziwa, na mgeni anayeshika nafasi yake anakuta kwenye jalada namba ya kitambulisho, picha ya injini na saini za wadhamini. Kuhusu mwezi hakuna aliyeandika, na fomu haikuuliza.